Unamsindikiza Mgeni Mpaka Wapi?

Wanangu, nasikia baadhi yenu mmepata kazi ya kiangazi katika kampuni za kupima maoni, na kwamba mmeshaanza kunung'unika kuwa watu hawafungui milango. Karibuni kazini. Mimi niliifanya kazi hiyo mpaka nikapewa keki, shada la maua na kadi yenye sahihi za watu ambao nusu yao siwajui, kisha nikaambiwa niende nikapumzike. Sijapumzika. Nakaa hapa Sundbyberg, Uswidi, naangalia treni zikipita, nawaza makosa mtakayofanya kabla hamjayafanya.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwauliza wapangaji wa nyumba za manispaa kama wameridhika. Na usafi wa ngazi, na joto la chumba wakati wa baridi, na lifti, na mtu wa kutunza jengo, yule Waswidi wanayemwita husvärd. Mwenye nyumba alikuwa shirika la manispaa, naye aliikodi kampuni yetu ndogo tumpelekee habari za nyumba zake mwenyewe. Jina lake silitaji. Nimestaafu, sitafuti maneno.

Kabla ya yote, soksi. Mtaingia nyumba za watu, na hapa hakuna nyumba unayoingia na viatu. Mtu ambaye kidole gumba kinamchungulia hawezi kuuliza swali lolote la maana, kwa sababu mwenye nyumba anaangalia kidole. Wekeni jozi ya akiba mkobani. Hilo halimo katika mafunzo mtakayopewa.

La pili, msiulize watu maswali ndani ya chumba cha kufulia. Mkubwa wetu mmoja aliwahi kuona kwamba huko ndiko wapangaji wote hupita, kwa hiyo tukae huko na karatasi zetu tuokoe muda. Tukakaa. Basi kila aliyeingia alikuwa amekuta nywele za jirani katika kichujio cha mashine ya kukaushia, au mtu amempora zamu yake ya kufua aliyojiandikisha, au mashine imemeza soksi. Mtaa ule ulitoka katika ripoti kama mahali pa kuhuzunisha kuliko kote Uswidi. Mwaka uliofuata tukawauliza watu walewale sebuleni kwao, mwezi wa Juni, jua linawaka na madirisha wazi. Wakawa wamepona wote.

Ikaja enzi ya vile vibao vyenye nyuso, wa kijani unaocheka na mwekundu ulionuna. Vikawekwa mlangoni mwa kila jengo, mpangaji apite abonyeze. Tukashangaa kwa nini watu wana ghadhabu kubwa hivyo kila asubuhi ya siku za shule na Jumamosi wametulia. Ni watoto, jamani. Walikuwa wakipita na mabegi yao wakishindana kuinunisha mashine. Siku hizi mnatuma viungo kwenye simu, na wazee wanavifuta wakidhani ni matapeli. Kila njia na ujinga wake.

Aliyenifundisha kazi ni Birgitta, Mswidi wa Spånga, mwanamke mrefu asiyejua kupamba maneno. Siku ya kwanza alinitazama nikimhoji mpangaji, tukatoka nje, akaniambia, "Umeuliza vizuri. Sasa acha kutikisa kichwa kila akijibu, unamlisha majibu." Nilinuna siku nzima. Mimi ni mtu wa Voi. Kwetu ukimsikiliza mtu bila kutikisa kichwa atadhani umelala. Lakini alisema kweli, na ndiyo sababu nilidumu.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia kwamba alama haziji peke yake, zinakuja na mtu. Moja ni mbaya sana, tano ni nzuri sana, ndivyo karatasi inavyosema. Mswidi akifurahi kabisa, lifti inang'aa na ngazi zinanukia sabuni, anakupa nne, maana hataki kuonekana amepagawa. Kulikuwa na mchungaji mmoja Mkenya aliyekataa katakata kutoa tano. "Tano ni ya Mungu," alisema. "Hawa wa matengenezo wapewe tatu, wakazane." Halafu kuna watu wetu wengine, na hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Kulikuwa na jengo moja, ghorofa saba, lililokuwa likitoa alama za juu kuliko majengo yote tuliyoyapima. Tano, tano, tano. Ofisini walilipenda, waliliweka katika picha za ukutani. Wapangaji wengi humo walikuwa Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, na Waganda wachache. Nami nilishangaa, kwa sababu watu hao niliwajua. Nilikuwa nakutana nao kwenye arusi na kwenye matanga, na huko hawakuwa watu wa tano. Huko walilalamikia mpaka chumvi.

Nikaenda mwenyewe. Lifti ilikuwa na karatasi mlangoni iliyoandikwa kwamba haifanyi kazi, na karatasi yenyewe ilikuwa imepauka kwa uzee. Nikapanda kwa miguu mpaka ghorofa ya sita, kwa mama mmoja wa Bukavu, Mama Neema. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, akitembea kwa kushika ukuta. Alinikaribisha nikiwa nahema, akanipa maji, kisha chai, kisha maandazi, halafu akaketi kunyooka tayari kwa maswali. Binti yake Neema, msichana wa sekondari, alikaa pembeni na simu yake.

"Usafi wa ngazi, mama?"

"Tano."

"Joto?"

"Tano. Iko muzuri."

"Lifti?"

"Tano."

Nikaweka kalamu chini. "Mama, mimi nimepanda kwa miguu."

"Pole sana, mama. Andika tano."

Neema akasema kwa Kiswidi, bila kuinua macho, kwamba lifti ni mbovu na kwamba mama yake hajatoka nje kwa miguu yake tangu majani yalipoanza kuanguka. Wakati huo theluji ilikuwa ishaanza kuyeyuka. Mama yake naye alimjibu kwa Kiswahili, "Nyamaza. Mutoto hasemeshake mugeni vile. Ongeza mama chai."

Nikanywa. Nilipoaga, Mama Neema alijifunga kitambaa chake, akavaa kandambili, akatoka na mimi. Nilimwambia asijisumbue. Hakunisikia. Akaenda akishika ukuta mpaka pale ngazi zinapoanza, akasimama, akaziangalia zile ngazi.

"Hapa ndiyo mwisho yangu," akasema. "Kwetu mugeni tunamusindikizaka mupaka ku barabara. Sasa mi nakuacha hapa, sawa mutu mwenye hakufundishwa."

Machozi yakamtoka. Siyo kwa sababu ya nyonga, wala kwa sababu ya miezi yote ile ndani. Alilia kwa sababu mgeni wake alikuwa anaondoka peke yake. Hapo ndipo aliponiambia lile ambalo hakuwa amelisema mbele ya chai.

"Tukiandika mubaya, batamufukuza Ssalongo, mwenye anatunzaka jengo. Ule mwenye alikuwa mbele yake, balimufukuza sababu watu baliandika mubaya. Jengo muzima tunajua."

Kumbukeni hili hata mkisahau mengine yote: mtu wetu hasemi jambo akiwa ameketi. Akiketi, wewe ni mgeni, na mgeni haambiwi kwamba nyumba inavuja. Jambo husemwa njiani, wakati wa kusindikizana, mnapotembea bega kwa bega na hakuna anayemtazama mwenzake machoni. Ndiyo maana wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa hana njia ya kumsindikiza mgeni wake? Jengo zima lilikuwa limefungiwa maneno yake ndani.

Nilishuka zile ngazi nimekasirika mpaka nikasahau kofia yangu kwake.

Ssalongo ndiye aliyekuwa husvärd. Ni Mganda, alikuja enzi za ukimbizi, na jina hilo ni la heshima kwao kwa baba wa mapacha. Alikuwa akimpandishia Mama Neema mfuko wa sokoni, akibadilisha balbu za watu hata siku zake za mapumziko, na mara kadhaa yeye na jirani walimteremsha yule mama kwa kiti alipokuwa na miadi hospitali. Kweli walikuwa na haki ya kumpenda. Nilimkuta chini akisugua sakafu ya chumba cha takataka kwa brashi, nikamweleza kwamba watu wanamkinga asifukuzwe kama mwenzake wa kwanza.

Akaegemea mpini wa brashi, akacheka mpaka akakohoa. "Nani alifukuzwa? Yule muzee alistaafu, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. " Alienda kwao kaskazini kuvua samaki. Kila wiki anatuma mimi picha ya samaki, hata nimechoka."

Kisha kicheko kikamwisha. Akanieleza kwamba lifti ameiripoti hata hakumbuki mara ngapi. Kila mara ofisini walimjibu kwamba matengenezo makubwa huanza na majengo yenye alama za chini, na jengo lake wapangaji wamefurahi, asubiri zamu. Zamu ilikuwa haiji, kwa sababu kila mwaka walizidi kufurahi. Yaani wale watu walikuwa wakimkinga Ssalongo kwa gharama ya lifti ya Mama Neema, na hakuna aliyewaomba.

Nikampelekea Birgitta habari hii mbio mbio. Nilitaka tufute zile tano, tuandike ukweli. Akanikatalia pale pale.

"Alama alizotoa mtu ni zake," akasema. "Ukizifuta leo kwa wema, kesho mwingine atazifuta kwa ubaya. Na huwezi kwenda kuwaambia wajibu nini. Tafuta swali ambalo wanaweza kulijibu bila kumsengenya mtu. Ukilipata kabla hatujafunga ripoti, tunarudi milangoni."

Nililala na hilo, nikaamka nalo, nikapika nalo. Nilikuwa nakaanga samaki nilipolipata, nikazima jiko nikampigia simu.

"Mgeni wako akiondoka," nikamwambia, "unamsindikiza mpaka wapi?"

Birgitta akalirudia swali. "Sisi hatumsindikizi mtu," akasema. "Tunafunga mlango tunashukuru ameenda." Halafu akasema, "Liandike."

Ilibaki ile hofu. Hiyo mimi sikuruhusiwa kuigusa, lakini Ssalongo aliruhusiwa. Ajira ni yake. Jumamosi akawaita wapangaji katika chumba cha kufulia, mahali pekee penye nafasi. Nilikuwepo kama mlaji wa maandazi tu. Neema alishika simu yake juu ili mama yake afuatilie akiwa kule ghorofa ya sita.

"Mnanipenda, nashukuru," Ssalongo akasema. "Lakini hii mapenzi yenu iko inafunga Mama Neema kwa nyumba. Husvärd wa kwanza hakufukuzwa. Alistaafu."

Watu wakatazamana. Mkenya mmoja karibu na mashine akasema, "Hiyo ni story umeambiwa useme." Miguno ikaanza. Ssalongo hakubishana. Akatoa simu yake, akapiga kwa video, na uso wa mzee wa Kiswidi ukatokea, mwekundu kwa baridi, amekaa juu ya barafu ya ziwa kando ya tundu la kuvulia. Ssalongo akamuuliza kwa Kiswidi kama alifukuzwa kazi. Mzee hakuelewa swali. Akadhani anaulizwa kuhusu uvuvi, akainua samaki mkubwa mpaka akajaza kioo chote.

Wanangu, chumba kizima kilivunjika mbavu. Warundi walikuwa wamekaa sakafuni kwa kucheka. Yule Mkenya akasema, "Basi huyo hajafukuzwa. Mtu aliyefukuzwa hana furaha hivyo." Na mzee alipoelewa mwishowe, akasema kwa sauti kubwa kwamba alistaafu, kwamba hakuna siku aliyolala vizuri kama siku aliyoondoka, na je, ile lifti walishaitengeneza?

Tukarudi milangoni na swali letu. Majibu yalikuja ya kila namna. "Mpaka mlangoni tu." "Mpaka ngazi, nikishuka sitapanda." "Mpaka nje mchana, jioni siendi, taa ya maegesho imekufa." Mchungaji alisema yeye humsindikiza mgeni kwa maombi. Mzee mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya saba alifikiri sana, kisha akasema, "Mimi sina mgeni. Zamani dada yangu alikuja. Hawezi ngazi." Birgitta alilisoma jibu hilo mara mbili, akavua miwani yake akaifuta.

Mkuu wa matengenezo wa shirika hakulipenda swali letu. Alisema, tena kwa adabu, kwamba hilo halipimi kuridhika, na kwamba jengo lile halimo katika mpango wa mwaka huu. Mimi nilitaka kupayuka. Birgitta akanikanyaga mguu chini ya meza, akamwambia kwa upole kwamba kikao kijacho atakipangia yeye mahali. Akakipanga sebuleni kwa Mama Neema.

Mkuu yule alifika ghorofa ya sita koti mkononi na tai mfukoni. Akavua viatu, akapewa maji, chai na maandazi. Akauliza kama mama ameridhika na makazi yake, nikamtafsiria.

"Iko muzuri," akasema Mama Neema. "Tano."

Yule bwana akanigeukia kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Baada ya yote yale, baada ya samaki na kila kitu, mgeni ameketi na mwenyeji amerudi kwenye adabu zake. Birgitta hakutikisika. Alimaliza andazi lake, akasimama, akasema tunashukuru, tunaondoka.

Basi Mama Neema akajifunga kitambaa, akavaa kandambili, akatutoa. Akashika ukuta mpaka pale ngazi zinapoanza. Akasimama. Mkuu alikuwa ameshashuka hatua mbili tatu alipogundua kwamba mwenyeji wake hasogei, akageuka. Mama Neema akamtazama, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa mlangoni.

"Neema," akasema. "Mwambie."

Neema akamwambia. Kwa Kiswidi kile chao cha shuleni kinyoofu, bila kupaza sauti: tangu lini, mara ngapi Ssalongo ameandika, jinsi mama yake anavyoteremshwa kwa kiti kama mzigo, jinsi anavyolia kila mgeni akienda. Mama yake hakuelewa maneno yote, lakini alisimama kando yake akiwa amenyooka, na safari hii hakumnyamazisha. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya chuma cha ngazi. Kisha akamshukuru Neema, akashuka taratibu. Simsemi vibaya. Mafundi walikuja kabla ya kiangazi.

Mwaka uliofuata, mzunguko wangu wa mwisho kabla ya ile keki, nilikwenda kwa Mama Neema nikiwa na soksi mpya. Lifti ilinipandisha bila kelele. Nikanywa chai, nikafungua karatasi, nikaanza na lile swali letu, mgeni wako akiondoka unamsindikiza mpaka wapi.

Alisimama, akavaa koti na viatu vya nje, akachukua fimbo yake, akabonyeza lifti. Mlangoni chini nikamwambia inatosha, mama. Akaendelea. Barabarani nikamwambia inatosha. Akaendelea, na njia nzima mpaka kituo cha treni alikuwa akilalamika: bomba la jikoni linatoa harufu, baiskeli za jirani zimejaa kwenye ngazi, kisanduku cha barua hakifungi, huyo anayefagia siku hizi anafagia katikati tu. Sikuwahi kusikia malalamiko matamu namna ile. Nilikuwa nikiandika huku natembea, nusura nigonge nguzo.

Kituoni tukakumbatiana, nikakumbuka sijaijaza sehemu moja.

"Na lifti, mama? Alama ngapi?"

Akafikiri, ameegemea fimbo yake, watu wanatupita huku na huku.

"Nne," akasema. "Mulango yake inakawiaka kufunga."